Ijumaa Tatu za Jina la Abdulghani

Malindi,
12 Juni 1988

Mdogo wangu Abdulghani,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mkeo Shekha na majirani zenu wote wa huko Sharja, hata wale usionipa majina yao. Sisi huku wazima, ila magoti yangu, na paka amezaa tena kabatini, mara hii juu ya kanzu ya Idi ya Ami Seif. Alivyopiga kelele ami yetu ungedhani amezaa yeye. Mvua zimetuchosha. Ukuta wa uwani umelala chini, na fundi kila siku anakuja kesho.

Shekha vipi? Bado hakuna habari? Mimi sisemi kitu, nauliza tu. Miaka sita ya ndoa na nyumba kimya, dada lazima aulize.

Sasa kubwa lililonikalisha na kalamu. Klabu yako ya mpira, Nuru, wanataka kulichonga jina lako! Kwenye ule ubao wa mvule ulio juu ya mlango wao, pale walipochongwa wachezaji wakubwa. Umekaa mbali, kwa hivyo nakukumbusha desturi yao. Jina husomwa barazani Ijumaa tatu, baada ya Laasiri. Mwenye kinyongo na mchezaji husimama akasema, na mtu wa nyumbani kwake humjibu. Ijumaa ya tatu huletwa kahawa. Mwanachama anayekubali hunywa, asiyekubali hukifudikiza kikombe chake juu ya sinia. Vikihesabiwa, basi, mambo yamekwisha.

Wataanza mwezi wa kumi na moja. Ami Seif atakusimamia, na kanzu ishafuliwa. Wallahi, Abdulghani, nikiliona jina lako pale juu nitajua sikukulea bure.

Nijibu haraka, si kama kawaida yako.

Dada yako,
Mahfudha


Sharja,
21 Julai 1988

Dada Mahfudha,

Shikamoo. Tu wazima. Joto la huku usiulize, kitasa cha mlango ukikishika kinakuunguza. Shekha anakusalimu, na amekupelekea vitambaa viwili. Cha kijani ni chako, cheupe cha Ami Seif.

Hilo la ubao sitaki. Waambie ahsante, wamtafute mwengine. Nilicheza, nikaondoka, yamekwisha. Watu wa Malindi hawanipendi, na mimi sikuwahi kuwabembeleza wanipende.

Tafadhali usilipeleke mbele.

Nduguyo,
Abdulghani


Malindi,
14 Agosti 1988

Mdogo wangu,

Vitambaa vimefika, na kijani chenyewe ndicho ninachokipenda. Mwambie Shekha Mungu ampe anachokitaka. Nimeuliza habari zenu, naona umeniambia habari za kitasa.

"Sitaki, sitaki." Tangu una miaka mitatu ndilo neno lako. Mimi jina nilishalipeleka zamani.

Hebu nikwambie ukweli wanaousema, usije ukausikia kwa mtu mwengine. Mwenyekiti aliniambia, "Bi Mahfudha, miguu ya nduguyo twaitaka ubaoni. Ulimi wake ndio hatujui tuuweke wapi." Nikacheka, lakini iliniuma. Mwaka jana walipolisoma jina la Nzai, golikipa wenu, Ijumaa zote tatu hakuna aliyefungua mdomo ila kumsifu. Nzai huyuhuyu aliyefungwa manne siku ya fainali kule Kilifi, wewe ukayarudisha matano! Lakini Nzai humpita mtu njiani bila kumuuliza hali ya mamake? Maziko yupo, harusi yupo, anachekesha mpaka maiti. Wewe ulikuwa ukiwapita watu kana kwamba wamekuzibia jua.

Na hukuwa hivyo. Mpaka mwaka wa sabini na nane ulikuwa mpole, ukiona haya hata kuomba maji. Mwaka uliofuata ukageuka. Ukawa hulali, ukavunja mlango wangu kwa sababu ya chumvi. Nilisema moyoni, ni sifa zimempanda kichwani.

Lakini usitie shaka, nina dawa ya hao wasemaji. Nitawaambia ulivyocheza na goti bovu. Nitawaambia nilivyokuwa nikikudunga zile sindano alizokuletea yule Mtaliana wa mazoezi, Jumatatu na Alhamisi, hapa jikoni kwangu, misimu miwili mizima, nawe hata kope hupepesi. Nzai naye akija na bega lake nikimdunga pamoja nawe. Watu wakijua ulivyoumia kwa ajili ya klabu, watakinywa kile kikombe na kuomba kingine!

Dada yako akupendaye, taka usitake,
Mahfudha


Sharja,
19 Septemba 1988

Dada Mahfudha,

Shikamoo. Wazima.

Nisikilize vizuri. Habari ya sindano usiitaje. Si barazani, si kwa Ami Seif, si kwa mtu yeyote. Goti lilipona kwa kukandwa, wakiuliza waambie hivyo.

Kama jina halirudi, basi wacha walisome. Wakitaka ubaya wangu ninao wa kutosha. Kombe nilimpiga ngumi mazoezini nikamng'oa jino, naye ni mwenzangu wa timu moja, kwa pasi tu. Wampe nafasi aseme. Wanikatae kwa ulimi wangu na kwa ngumi zangu, mimi nimeridhika.

Sindano usizitaje, dada. Nakuomba, na wajua mimi si mwombaji.

Abdulghani


Malindi,
9 Oktoba 1988

Mdogo wangu Abdulghani,

Salamu zangu kwenu. Ami Seif ana mafua. Ukuta bado uko chini.

Barua yako ilinikuta nimeshakasirika, nikazidi. Kisha jioni nikamsikiliza mtangazaji redioni akieleza habari za yule mkimbiaji wa mashindano ya Seoul aliyenyang'anywa dhahabu yake. Wewe bila shaka umezisikia. Alisema kuna madawa yanayotiwa mwilini kuujenga, na mengine ni ya sindano. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliuacha.

Abdulghani, nini kilikuwa ndani ya vile vichupa?

Mimi wakati ule nilikuwa msaidizi tu pale zahanati, ndiyo kwanza wamenifundisha kudunga. Uliniambia ni za goti. Nikaamini, na nikawatambia majirani kwamba ndugu yangu anatibiwa kwa dawa za Ulaya. Kichupa kimoja bado ninacho, natilia wanja. Karatasi yake imefifia lakini maandishi yapo. Usiponijibu kabla mwezi haujamalizika nitakwenda nacho Mombasa kwa mfamasia.

Uliniomba nisiseme. Sitasema uongo wala sitasema kweli mpaka nijue lipi ni lipi. Niambie wewe. Nataka kulisikia kwako.

Mahfudha


Sharja,
30 Oktoba 1988

Dada Mahfudha,

Shikamoo. Mpe pole Ami Seif.

Zilikuwa vitamini. Za nguvu za damu, hata watoto wanapewa. Usijisumbue kwenda Mombasa na magoti yako.

Kitupe hicho kichupa, wanja una vyombo vyake.

Abdulghani


Malindi,
20 Novemba 1988

Mdogo wangu Abdulghani,

Leo sina habari za mvua wala za paka. Sote wazima, nawe Mungu akuweke.

Barua yako ya vitamini ilifika Jumatano. Vitamini! Mimi ndiye niliyekuogesha, mwana wee, ukinidanganya nakujua hata kwa posta. Na Mombasa nilikuwa nishakwenda nikarudi. Mfamasia alikipangusa kichupa, akasoma, akavua miwani. Akasema ni homoni ya kiume ya kujengea misuli, wanamichezo hutumia kwa kujificha. Nikamuuliza humfanyaje mtu. Akanitajia: nguvu, kukosa usingizi, hasira za ghafla. Akayataja na mengine. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akaniletea maji.

Sasa sikiliza za Ijumaa.

Ya kwanza alisimama Kombe. Ana mvi sasa, ana watoto sita, na lile pengo lako bado analo. Akasema, "Alinipiga kwa kuwa nilichelewa kumpa mpira. Hajaniomba radhi mpaka leo." Akakaa. Ami Seif, badala ya kumjibu, akaanza kuyahesabu mabao yako yote, moja moja na mwaka wake, mpaka mwenyekiti akamwomba apumzike.

Ya pili wakaja wenye ulimi wako. Randu mwenye duka ulimwita mpumbavu mbele ya wanawe. Mgeni rasmi ulikataa kumpa mkono. Mtoto aliyekuomba uguse mpira wake ukaupiga teke ukaenda barabarani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango na wanawake wenzangu, na kila lililosemwa nilikuwa nikilihesabia mwezi wake. Yote ni ya misimu ile miwili. Hakuna hata moja la kabla.

Ya tatu, juzi, mwenyekiti akauliza kama kuna lililobaki. Vikombe vishapangwa, birika linatoa moshi. Nikasema, "Lipo."

Nikatoka na buibui langu. Nikawaambia, "Hizi hasira mnazozisimulia zilianza mwezi nilioanza kumdunga sindano. Mimi, kwa mkono wangu, jikoni kwangu. Zilikuwa za kumpa nguvu isiyokuwa yake, nami nilidhani ni za goti. Sikuuliza, kwa sababu aliyezileta alikuwa Mzungu na ndugu yangu alikuwa akifunga mabao. Mabao mlishangilia nyinyi na nilishangilia mimi. Mkimkataa leo mkataeni, lakini msiseme alizaliwa na roho mbaya."

Nilimtazama Nzai. Alikuwa ameinama, jasho linamtoka, na jina lake liko juu ya kichwa chake palepale ubaoni. Aliponyanyua macho akanitazama kama mtoto aliyevunja chungu. Sikumtaja. Kila mtu na aseme lake.

Mwenyekiti akasema, "Bi Mahfudha, umefanya ujasiri. Lakini nikwambie kweli. Lau nduguyo angalikuwa mtu wa watu, tungalisema kijana alidanganywa na mgeni, tukamsitiri. Hakutuachia pa kumsitiria." Nzai akainuka akatoka kabla kahawa haijamiminwa.

Vikombe kumi na tisa vilifudikizwa. Kumi na tatu vilinywewa. Jina lako halichongwi, mdogo wangu.

Ami Seif alilia barazani, na watu wakampisha. Kombe alikunywa. Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini, yeye mwenye pengo. Akasema, "Miaka tisa, Bi Mahfudha, nilidhani ananichukia. Nilikuwa nikijiuliza nimemfanya nini."

Nimelia sana usiku huu, si kwa ubao. Kama una la kuniambia, liandike. Kama una hasira nami kwa kusema, iandike hiyo pia.

Dada yako,
Mahfudha


Malindi,
15 Januari 1989

Abdulghani,

Salamu kwenu nyote. Miezi miwili kasoro hujanijibu. Nakwenda posta kila Jumanne, na karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Habari zetu ni hizi. Nilikwenda mwenyewe kwa mkubwa wangu wa zahanati nikamweleza. Ameniandikia onyo, na wameniondoa chumba cha sindano, sasa naandika kadi. Sikuteta. Hata wangeniacha, mkono wangu hautaki tena kushika sindano. Juzi walileta mtoto wa homa, nesi akaniomba nimsaidie, nikatoka nje.

Nzai alikuja. Siku tatu mfululizo, akaujenga ule ukuta wa uwani kwa mikono yake. Hata chai hakutaka. Utani wote umemwishia masikini.

Sasa nakuuliza mara moja, na sitarudia. Mfamasia alitaja na mengine, nilikwambia. Alisema wanaume wengine waliotumia dawa zile hawapati watoto. Na mimi miaka sita nakuuliza kila barua, Shekha vipi, Shekha vipi, kana kwamba kasoro ni yake au ni ya Mungu.

Ni zile sindano? Niandikie ndiyo au la. Ikiwa ndiyo, sijui hata radhi yenyewe nitaiomba kwa maneno gani. Mama yetu aliniachia wewe una miaka minne.

Mahfudha


Sharja,
4 Februari 1989

Dada yangu Mahfudha,

Shikamoo, na tena shikamoo. Shekha anakusalimu. Zamani barua zako nilikuwa nikizificha, sasa namsomea, na ile ya vikombe ameniomba nimsomee mara mbili. Anasema mwanamke kama wewe angepewa klabu aiendeshe.

Nimechelewa kwa sababu kila nikiandika nachana.

Umetaka ndiyo au la. Ndiyo. Daktari wa huku alisema huenda, lakini namna alivyolisema, mimi nikasikia ndiyo. Aliniambia mwezi wa saba, wiki ileile ilipofika barua yako ya kwanza. Nilirudi nyumbani nikaikuta mezani. Juu unauliza habari za mtoto, chini unanipa ubao. Nilicheka mpaka Shekha akaogopa.

Lakini radhi usiniombe mimi, dada. Lililobaki hulijui, na ndilo lililonichanisha karatasi zote. Mimi nilijua. Si siku ya kwanza. Mwezi wa pili wa sindano yule Mtaliana alinieleza zile ni nini, na akanionya nisizidishe. Nikarudi jikoni kwako nikazidi kukwambia ni za goti, nikakutolea mkono. Goti lilikuwa limeshapona. Nilikuwa nafunga mabao, na watu walikuwa wakiliita jina langu mpaka mtaa wa Kisumu Ndogo, nikaona siwezi kuacha. Nilikutumia wewe kwa sababu mkono wako niliuamini, na kwa sababu nilijua hutauliza. Nzai naye nilimwita mimi.

Ubao niliukataa kwa sababu nilijua utasimama pale kwa fahari uzitaje sindano, na mle ndani hatakosekana mtu anayejua dawa, na siku hiyo utajua. Nikaona heri nibaki yule mwenye ulimi mbaya. Hilo halikunipa tabu, ulimi mbaya ninao kweli, wala si wote wa dawa. Nimeacha kudungwa tangu mwaka wa themanini na bado juzi nimegombana na mwokaji mikate. Mwenyekiti amesema kweli, nawe mwambie nimesema hivyo.

Kombe nimemwandikia. Zilikuwa kurasa mbili, zikawa moja, mwisho nikapeleka mstari mmoja wa kumwomba radhi. Nzai mwache. Atasema siku atakayoweza, na asiposema mimi sitamsemea.

Kumi na tatu waliokunywa, dada, sikuwatarajia. Nilikaa nikajaribu kuwakisia mmoja mmoja ni kina nani. Nilifika wanne, nikakwama.

Sasa nina ombi. Daktari anasema kuna matibabu ya kujaribu. Haahidi kitu. Ni sindano, mara mbili kwa wiki, miezi mitatu. Shekha ameniambia tujaribu, na likizo yangu inaanza baada ya Idi, nimeomba ndefu. Kliniki ya huku iko mtaa huuhuu tunaokaa, na manesi ni tele. Nimemwambia daktari anifungie dawa zote nije nazo Malindi, na karatasi yenye jina la kila moja na kazi yake, ili uisome yote na uulize utakacho kabla ya kufungua hata kichupa kimoja.

Aliniuliza, huko kwenu nani atakudunga? Nikamwambia dada yangu.

Nduguyo,
Abdulghani